Uzito wa Lenzi Pana Una Sababu Yake

Hivi karibuni nilimsikia mtazamaji wa nyota mwenye uzoefu wa miaka mingi akimwambia kijana anayeanza kwamba lenzi kubwa za jicho, zile za kuchungulia kwenye darubini zenye upeo mpana, yaani zinazoonyesha eneo kubwa la anga kwa mara moja, ni mapambo ya watu wenye fedha, na kwamba Plössl ya kawaida, lenzi rahisi yenye upeo mdogo zaidi, inatosha kwa kila kazi. Kijana alinyamaza, akairudisha kwa mwenyewe lenzi aliyokuwa ameazimwa. Kauli ile imenikera mpaka leo, kwa sababu inamkatisha tamaa mtu ambaye, kwa aina ya darubini aliyonayo, anauhitaji upana huo kuliko wengi wetu.

Mara nyingi lenzi hizi husifiwa kwa mandhari. Nagler, mojawapo ya lenzi hizo pana, yenye urefu wa fokasi wa milimita 31, upeo wa nyuzi 82 na uzito wa takriban kilo moja, ikiwekwa kwenye darubini yenye urefu wa fokasi wa milimita 1200, huonyesha kama nyuzi 2 za anga, kiasi cha kuziingiza nyota zote angavu za Kilimia pamoja na giza linalozizunguka. Hilo ni zuri kweli, wala sina la kuongeza.

Hoja yangu ni muda. Darubini ya Dobson (bomba juu ya kitako rahisi cha kuzunguka) isiyo na mota, kama ya kijana yule, haifuati mzunguko wa dunia. Mtazamaji ndiye anayeisukuma kwa mkono, ilhali anga karibu na ikweta yake husogea nyuzi 15 kwa saa. Chukua darubini ileile ya milimita 1200 na lenzi ya milimita 6, yaani ukuzaji wa mara 200 (1200 kugawanya kwa 6). Plössl yenye upeo wa nyuzi 50 itakupa robo ya nyuzi moja ya anga, na Mshtarii ikivuka katikati ya upeo huo itakuwa imetoka upande wa pili kwa muda wa dakika moja. Lenzi ya nyuzi 100 itakupa dakika mbili. Anayeona tofauti hiyo ni ndogo akumbuke kwamba kila baada ya kuisukuma darubini, taswira hutikisika kwa sekunde kadhaa kabla ya kutulia, na kwamba hewa yenyewe hutulia kwa vipindi vifupi visivyotabirika, ambavyo ndani yake mikanda ya Mshtarii hupata kingo ghafla na pengo la Cassini kwenye pete za Zohali huonekana wazi. Vipindi hivyo havimngoji mtu. Ukiwa na dakika moja tu, sehemu yake ikamezwa na mtikisiko, utavikosa vingi. Ukiwa na mbili, jicho linapata nafasi ya kukaa, kusubiri na kuona.

Na muda huo una faida pale tu ambapo taswira ni safi mpaka ukingoni, jambo ambalo ndilo chanzo cha uzito wote huu. Katika darubini ya f/5, yaani ambayo urefu wake wa fokasi ni mara tano ya upana wa kioo chake kikuu, lenzi pana iliyotengenezwa kwa vipande vichache vya kioo hugeuza nyota za pembeni kuwa kama mbawa za ndege. Kuzirudisha ziwe nukta kunahitaji vioo vingi zaidi, na baadhi yake ni vipana na vinene. Al Nagler, aliyewahi kubuni vifaa vya kuonea vya mitambo ya mazoezi ya wanaanga wa Apollo, alizileta lenzi zake za nyuzi 82 sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 2007 kampuni yake ya Tele Vue ikafikisha nyuzi 100 kwa lenzi iitwayo Ethos. Gramu hizo si za kujionyesha.

Nakubali kwamba mwenye mota inayofuata anga hana haja kubwa ya upana huu anapotazama sayari. Nakubali pia kwamba anayevaa miwani apime kwanza kama ataweza kuuona upeo wote bila kuivua.

Wanaolalamika kwamba lenzi nzito huivurugia darubini mizani yake wana haki, ila wanailaumu lenzi isiyohusika. Dobson hukaa ilipoelekezwa kwa msuguano tu. Kilo moja iliyoongezwa sentimita 80 mbele ya mhimili inadai kilo mbili sentimita 40 nyuma yake, na tatizo huzidi bomba linapolala kuelekea upeo wa macho: ukiachia mkono, mdomo wa darubini unashuka wenyewe na nyota uliyoitafuta kwa shida imepotea. Kama bomba ni la chuma, sumaku nzito zinazosogezwa juu na chini mgongoni mwake humaliza tatizo hilo, na skrubu za kushikilia lenzi zikazwe kabla ya kuiachia, si baada. Hata hivyo, mtengenezaji anayeuza darubini yenye tundu la lenzi la inchi 2 anajua fika lenzi za aina gani zitaingia humo. Kumwekea mnunuzi kirekebishi cha msuguano kilicho imara, au nafasi ya kusogeza mhimili wenyewe mbele na nyuma, ni sehemu ya kazi yake.