Silanga la Kampuni Lifikapo Mwaka wa Tano

Maji ya mfereji ya Mombasa kwa sehemu kubwa hutoka nje ya Mombasa: chemchemi za Mzima kule Taita Taveta, visima vya Baricho kando ya Mto Sabaki, chemchemi za Marere katika Shimba Hills. Kwa hiyo hoteli ya Nyali au kiwanda cha Changamwe kikichimba silanga, yaani bwawa la kukusanya maji ya mvua, kule Kinango, kikagawa mbuzi Samburu ya Kwale au mbegu Ganze, kinarudisha kitu kwa majirani ambao mji unawategemea. Hapo wengi wanakubaliana. Wanakotofautiana ni kama misaada hii inawainua wafugaji na wakulima hao, au inaipa kampuni picha za ripoti ya mwaka na kuipa kaunti sababu ya kukaa kimya.

Wanaoitetea wana hoja nzito. Misimu mitano ya mvua ilipokosekana mfululizo, tangu vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, mfugaji hakuweza kungoja bajeti ipite bunge la kaunti. Kampuni ina tingatinga, ina wahandisi, na uamuzi wake unaweza kutoka ndani ya wiki moja. Tena si kweli kwamba kampuni haziwezi kuvumilia kazi ya muda mrefu. Pale Bamburi, mashimo yaliyoachwa na uchimbaji wa mawe ya chokaa ya kiwanda cha saruji yalianza kupandwa mivinje mwaka 1971 chini ya René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi. Majongoo yakaletwa kumeng'enya majani yaliyoanguka yawe udongo, na leo pale ni msitu. Kazi ile ilidumu kwa sababu kulikuwa na watu waliolipwa kubaki pale mwaka baada ya mwaka.

Silanga la kijijini kwa kawaida halina mtu huyo, na hesabu yake ni kali kuliko inavyoonekana siku ya uzinduzi. Chukua silanga lenye uso wa mita 1,500 za mraba. Jua na upepo vikiondoa milimita 6 kwa siku, hizo ni lita 9,000. Sasa weka ng'ombe 200 wa kienyeji wanaokunywa lita 30 kila mmoja na mbuzi 600 kwa lita 5: jumla ni lita 9,000 vilevile. Jua linakunywa sawasawa na mifugo yote ya kijiji, na bado hatujahesabu yanayonywea ardhini. Dawa ni kina, si upana. Maji yale yale yakikaa katika shimo la mita 4 badala ya mita 2, uso unaopigwa na jua unapungua karibu nusu. Lakini silanga pana ni rahisi kuchimba na linapendeza likipigwa picha kutoka juu, basi ndilo linalochimbwa.

Kisha kuna tope. Maji ya mvua yanayoteremka kwenye malisho yaliyokwanguliwa hubeba udongo, na yasipopita kwanza kwenye ukanda wa nyasi na karo la kunasa mchanga, silanga hujaa tope misimu michache tu baadaye. Karo lenyewe lazima lizolewe kwa koleo kila baada ya mvua kubwa. Pia silanga linahitaji uzio na bomba la inchi 2 lenye chujio, linalopeleka maji kwenye hori lililojengwa upande wa chini, nje ya uzio. Ng'ombe wakiingia majini, kwato zao hutoboa sakafu ya mfinyanzi iliyoshindiliwa na maji huanza kuvuja, mbali na kuchafuliwa na samadi wanayoiacha humo. Uzio, bomba na hori ndivyo hukatwa kwanza bajeti inapobana, na silanga lisilo navyo ni afadhali lisichimbwe.

Kalenda nayo ina lawama yake. Fedha zikiidhinishwa Machi, tingatinga linafika Aprili, mvua imeshaanza. Mfinyanzi wa ukingo unatakiwa kushindiliwa kwa matabaka ya sentimita 15 hadi 20, ukiwa na unyevu kiasi. Ukishindiliwa ukiwa matope hupasuka unapokauka, na mafuriko ya kwanza hupita kwenye ufa. Kazi hii ni ya Januari na Februari, au Agosti na Septemba.

Anayependekeza kisima kirefu badala ya silanga apime chumvi kwanza. Miamba ya ukanda wa Samburu na sehemu iitwayo Maji ya Chumvi hutoa maji ambayo mara nyingi hayafai hata kumwagilia mboga.

Kwenye kilimo, ripoti za kampuni hupenda kuhesabu watu waliofunzwa. Mashimo ya zai, yaani mashimo ya kupandia yanayonasa maji ya mvua, ni mbinu nzuri kwelikweli: sentimita 60 kila upande na 60 kwenda chini, ndoo ya samadi, mbegu 9 za mahindi. Ila ekari nzima inabeba mashimo kama 2,400, yaani zaidi ya mita 500 za ujazo za udongo kwa jembe. Hakuna mama wa Kinango atakayemaliza hilo peke yake kabla ya vuli. Mashimo 300 anaweza, kwa mwezi mmoja hivi akichimba mita 2 za ujazo kwa siku, na akilipwa au akisaidiwa na kikundi atayachimba. Mbegu pia zichaguliwe na anayeijua Pwani. H614 ni mahindi ya nyanda za juu. Huku mvua huisha kabla hayajakomaa. PH4 iliyotengenezwa kwa ajili ya Pwani, na zaidi pojo na kunde zinazoiva kwa siku 60 hadi 75 hivi, zina nafasi.

Mbuzi wa Galla hugawiwa kwa shangwe. Beberu mmoja anatosha majike 25 hadi 30, lakini asipobadilishwa baada ya miaka miwili anapanda binti zake. Na malisho husahaulika. Ng'ombe wa kilo 250 anahitaji kama kilo 6 za nyasi kavu kwa siku. Ng'ombe kumi kwa siku 90 ni kilo 5,400, yaani marobota 360 ya kilo 15. Ghala la nyasi linaokoa mifugo mingi kuliko mbuzi wapya.

Kwale imeonyesha pia hatari ya kumtegemea mfadhili mmoja. Machimbo ya Base Titanium, kampuni ya madini iliyokuwa ikiwasaidia wakulima wa pamba na mazao mengine, yalifikia mwisho wa uchimbaji Desemba 2024. Sheria ya Madini ya 2016 inaipa jamii asilimia 10 ya mrabaha, yaani malipo ambayo mchimbaji huilipa serikali kwa madini anayoyatoa, na hiyo ni haki, si zawadi. Hata hivyo mrabaha nao huisha madini yakiisha.

Kwa maoni yetu msaada huu uendelee, lakini sura yake ibadilike. Kampuni itie saini kwa miaka mitano, itenge theluthi ya fedha kwa matunzo, na kaunti iandikwe kwenye mkataba huo huo ikiwa na wajibu wa afisa wa mifugo na chanjo. Kijiji kikitoza shilingi 2 kwa mtungi wa lita 20, mitungi 100 kwa siku inaleta 6,000 kwa mwezi, za kuzoa karo na kurekebisha uzio. Hoteli nazo zinunue pojo, mayai na mbuzi wa wakulima hao hao, na ziwalipe ndani ya wiki mbili. Mkulima anayengoja malipo siku 60 atamuuzia dalali kesho yake, kwa bei yoyote atakayotajiwa.