Mnyoo Ulionipepesea

Yule mwenzetu tunayemwita Redio ameshatangaza, kwa hiyo tusifichane. Mlio kwenye kundi la WhatsApp la promosheni, yaani darasa letu la mwaka huu, mmesikia toleo lake, lile ambalo napiga yowe, napanda juu ya kiti na kudai yeye afungiwe chumba cha peke yake. Uongo! Yowe, sawa. Kiti sikupanda. Niliweka mguu mmoja tu.

Haya, sikilizeni kwa mwenyewe. Jumamosi binti wa mama mkubwa aliolewa kule Bagira, hapa Bukavu, nami nilikuwa kwenye msafara wa bibi arusi. Huwezi kuingia msafara na kope ulizozaliwa nazo, wadada mnanielewa. Nikabandikwa za duka, ndefu, nyeusi tii, zile ukifumba jicho unasikia upepo. Harusi ikaisha, kope zikabaki. Nizibandue kwa nini, na pesa nililipa? Nikaenda nazo kwenye TP, kipindi cha vitendo, ya parasitoloji, somo la vimelea.

Labo letu wanaolijua wanalijua. Umeme ukikatika tunarudi kwenye mikroskopi za zamani zenye kioo chini, unakigeuzageuza mpaka kinase jua la dirisha la upande wa ziwa. Foleni iko nyuma yako, watu wanakuhemea shingoni: "Dada, bado tu?" Kazi ya siku hiyo ilikuwa tone la damu mbichi. Unamchoma mwenzako kidole cha pete, pembeni ya ncha, si katikati, maana katikati ndiko kunakouma. Tone la kwanza unalifuta, linalofuata unaliweka kwenye kioo, unalifunika na lamela, kile kioo chembamba cha juu, ukiilaza polepole isifungie hewa. Redio akanipa kidole. Redio amekulia Kamituga, porini huko. Hilo mlikumbuke.

Tena Asistenti, mwalimu wetu wa labo, alikuwa ametoka kutufundisha Loa loa, mnyoo wa misitu ya Afrika ya Kati unaoletwa na nzi anayeuma, ambao vitoto vyake, mikrofilaria, hujaa kwenye damu ya vidoleni mchana, usiku vinajificha mapafuni. Nikatazama saa: saa sita mchana. Damu ya mtu wa msituni, saa sita mchana! Mimi tayari najiona napewa alama zote.

Nikainama. Mwanzoni ukungu. Nikazungusha kidogo, damu ikajitokeza, chembe nyekundu zimelaliana kama sarafu. Halafu, sehemu ya juu ya duara, nikaona kitu. Cheusi. Chembamba. Kimejikunja kidogo mwishoni. Kimetulia.

Nikasogeza jicho karibu zaidi. Kikatikisika.

"Jamani," nikasema kwa sauti ya chini. Kikapiga mkia. Na pembeni yake kingine. Na kingine! Jeshi zima, limejipanga mstari, wote wanapiga mkia kwa pamoja. (Hapo mtu mwenye akili angejiuliza minyoo imejifunza wapi gwaride. Mimi sikujiuliza.)

"Asistenti! Mikrofilaria! Hai! Nyingi!"

"Za nani?" Redio akauliza.

"Zako!"

Redio akakaa chini, sakafuni kabisa, akatoa simu.

Asistenti akaja, mikono nyuma, mtu wa maneno machache yule. Akachungulia. Kimya. "Sizioni." Nikachungulia mimi: zipo! Akachungulia yeye: hazipo. Foleni ikavunjika, promosheni nzima ikazunguka meza yetu.

"Mama," akaniambia kwa ule upole wake unaotisha, "mikrofilaria hai ikipita, inasukuma chembe nyekundu, zinatawanyika. Hizo zinasukumwa?"

"Hapana, Asistenti. Zimetulia."

"Sogeza kioo kulia."

Nikasogeza. Damu yote ikahama. Mnyoo ukabaki pale pale.

"Kushoto."

Damu ikarudi. Mnyoo, wala habari. Nyuma yangu nikasikia mtu anabana kicheko puani.

"Sasa usipepese macho."

Nikakodoa. Mnyoo ukaganda. Nikakodoa mpaka machozi yakaanza kunitiririka, gundi ikaanza kulegea, labo zima halipumui.

"Haya, pepesa."

Ndugu zangu, ukapepesa pamoja na mimi.

Nikainua kichwa nikiwa bado nataka kujitetea, na ukoo mzima wa jicho la kulia ukabaki umeng'ang'ania ukingo wa tundu la kuchungulia. Yule aliyefuata kwenye foleni akaruka nyuma. Asistenti akaubandua kwa pinseti, akauweka kwenye kioo safi, akasema: "Huu hauhitaji mikroskopi." Hapo ndipo labo lilipoanguka. Kuna aliyetoka nje kucheka akiwa ameshika ukuta.

Mengine ni mafupi. Lenzi nilisafisha mimi. Kwenye daftari la matokeo ya Redio iliandikwa hasi. Ya kushoto niliibandua chooni, na siku hizi jicho naliacha mbali kidogo na tundu, kama alivyosema Asistenti. Jina langu sasa ni Mama Loa, hata mama muuza maandazi pale getini ananiita hivyo, sijui nani alimwambia. Najua nani alimwambia.

Ila kuna kipande Redio amekiruka kwenye toleo lake. Ile simu aliyotoa akiwa sakafuni alimpigia mama yake. Mama akalia, akawaambia wa chumba cha maombi, wakafunga, na jioni akatuma pesa za dawa. Majibu yakatoka hasi. Mama hakuambiwa. Pesa haikurudishwa.

Mama, kama kuna mtu anakusomea haya: mtoto wako ni mzima kabisa, hana hata mnyoo mmoja. Pesa yako alinunua sambaza, vile visamaki vya ziwani, na bugali, akala na rafiki zake wawili. Mimi hakuniita.