Printa ya Linux: leza ya mtumba au tangi la wino?

Mwenye Linux na bajeti ndogo mara nyingi hubaki na njia mbili: leza ya mtumba kama HP LaserJet P1102, au printa mpya ya tangi kama Epson L3110. Zote huchapa. Tofauti hujitokeza baadaye.

P1102 inapendwa kwa sababu tona ni unga, haikauki hata printa ikae likizo nzima haijaguswa. Katriji yake, 85A, hutoa takriban kurasa 1,600. Usumbufu uko kwenye programu. HPLIP, draiva za HP, haiiendeshi yenyewe. Inataka kipande cha ziada kisicho huria, kinachopakuliwa kwa amri `hp-plugin`, na lazima toleo lake lilingane na la HPLIP. Ukisasisha Ubuntu na HPLIP ikapanda, kazi zinapanga foleni ila karatasi haisogei. Mtu anaifungua printa kutafuta karatasi iliyokwama, kumbe dawa ni kurudia `hp-plugin` akiwa na intaneti. Tena usiichomeke kwenye UPS ndogo: roli ya joto ikiwaka hunyonya mamia ya wati kwa mkupuo.

L3110 ni kinyume chake: programu nyepesi, matunzo mazito. Draiva yake ni huria:

`sudo apt install printer-driver-escpr`

Kisha fungua `localhost:631` kwenye kivinjari, ongeza printa, basi. (Skana inahitaji Epson Scan 2, ya kupakua kando.) Chupa ya wino mweusi ya ml 65 Epson huikadiria kurasa 4,500, hata ukipata nusu yake, leza ya 85A haifui dafu. Lakini wino hukauka kwenye matundu ya kichwa cha kuchapia, hasa sehemu za joto na vumbi. Chapa ukurasa mmoja wa rangi kila wiki. Mistari ikikatika, zima printa, shikilia kitufe cha kusitisha huku ukiiwasha, itoe karatasi ya kipimo. Kusafisha kichwa ni kushikilia kitufe hicho sekunde 5 ikiwa imewaka. Usirudierudie: wino huo huishia kwenye sponji ya ndani, na ikijaa printa hugoma.

Canon LBP2900 iache hata ikiuzwa bei ya kutupa. Inatumia CAPT, lugha ya Canon yenyewe, na draiva yake ya zamani hutegemea maktaba za biti 32.

Ukiweza kuongeza pesa, tafuta printa ya Wi-Fi iliyoandikwa AirPrint (mfumo wa Apple wa kuchapa bila draiva) kwenye boksi. Hiyo haihitaji draiva: andika `driverless`, chukua anwani itakayotokea, kisha:

`lpadmin -p nyumbani -E -v ANWANI -m everywhere`

Watengenezaji wa CUPS, mfumo wa kuchapa wa Linux, wameshatangaza kwamba toleo la 3 litaachana na draiva za PPD, yaani za mtindo wa zamani wa faili moja kwa kila modeli ya printa, kwa hiyo hii ndiyo yenye maisha marefu. Kwa anayechapa barua mbili kwa mwezi, bado ningempa leza. Tangi ni la mwenye watoto wa shule.