Koti la balozi lisiishie Kiboriloni

Mtu akiona koti rasmi la balozi wa Uingereza la zaidi ya miaka mia iliyopita, macho hukimbilia dhahabu. Ni sufu ya buluu iliyokolea, kola ya mahameli nyeusi, na kifuani majani ya mwaloni yaliyotariziwa kwa nyuzi zinazong'aa. Upana wa tarizi ulitaja cheo: balozi mkubwa alijaa dhahabu kifua kizima, wa chini yake aliambulia ukanda mwembamba. Kofia ya manyoya ya mbuni na upanga vilikamilisha vazi.

Mkusanyaji anayeijua kazi haanzii hapo. Analigeuza koti na kutazama mfuko wa ndani, kwa sababu mafundi wa London walizoea kushona humo kibandiko chenye jina la mteja na tarehe, kwa wino. Halafu anasogeza kifungo karibu na jicho. Taji la kifalme lililotumika tangu 1901 hadi kabla ya 1953 lina matao yaliyoviringana. Alipotawazwa Elizabeth II likaja lenye matao yaliyobonyea katikati. Uzi ulioshikilia kifungo nao huchunguzwa, maana vifungo hubadilishwa. Mimi naona wakusanyaji hao wana haki kabisa. Ile dhahabu ni waya wa fedha uliopakwa dhahabu kidogo tu. Kinachonunuliwa ni mtu aliyelivaa na chumba alichoingia nalo.

Na sisi wa Moshi mambo haya si ya mbali. Mangi Rindi, mtawala wa Kichaga wa hapa Moshi, alituma wajumbe wake Berlin mwaka 1889. Mwaka 1891 Mmarekani Mary French-Sheldon alifika Kilimanjaro na kukutana na wamangi akiwa na gauni la kifahari, nywele bandia za rangi ya dhahabu na upanga, ilhali tangu 1853 waziri wa mambo ya nje wa nchi yake, William Marcy, alishawahimiza mabalozi waende kwa wafalme na nguo za raia wa kawaida. Kabla ya hao wote, mwaka 1840, Ahmad bin Naaman, mjumbe wa Sultani Said wa Zanzibar, alitia nanga New York, akachorwa picha akiwa na kilemba chake. Huyo hakuazima vazi la mtu.

Ndiyo maana inaniuma kuona nguo za wazee wetu waliotumikia balozi zetu baada ya 1961 zikigawanywa matanga yakiisha, nyingine zikachanganywa na mitumba ya soko la Kiboriloni. Suti ya kijivu isiyo na uzi hata mmoja wa dhahabu, ambayo mzee aliivaa siku ya kuwasilisha hati za utambulisho kwa rais wa nchi ya watu, kwangu ina thamani kuliko koti la tarizi lililopoteza jina.

Kwa hiyo msiifue na msiipige pasi. Kama ina tarizi ya waya, msiisugue ing'ae, wala msiikunje, waya hukatika kwenye mkunjo. Jazeni karatasi laini nyeupe kwenye mikono, funikeni kwa shuka ya pamba, si nailoni, maana unyevu wa huku mlimani hauna huruma. Andikeni jina, mji na mwaka, na picha ya siku hiyo iwekwe pamoja nayo. Fanyeni hivyo wakati bibi anayekumbuka bado yupo, kabla mtu hajauliza bei.