Tanki la pikipiki linapumua jamani, acheni kuliziba

Yakhe, naandika hii moyo bado haujatulia. Juzi pale stendi ya Kange hapa Tanga nimemkuta dogo mmoja wa kijiweni kaweka kipande cha nailoni chini ya mfuniko wa tanki, kaukandamiza mpaka funguo inazunguka kwa shida, namuuliza vipi ananijibu "kaka mafuta yalikuwa yananimwagikia mapajani". Nikamwambia mdogo wangu hiyo nailoni itakuacha porini, akacheka. Kwangu mimi ilikuwa silikoni, na porini nimeachwa kweli.

Ilianza hivi. Nilikuwa mtu wa fulu tanki, nikifika sheli asubuhi namwambia dada jaza mpaka mdomoni, alafu naenda kupaki juani nje ya soko la Mgandini nasubiri abiria, nikirudi nakuta mafuta yamechuruzika toka kwenye mfuniko, rangi ya tanki imeanza kubabuka, harufu mpaka abiria anakunja pua. Nikaenda kwa fundi. Hakuniuliza najaza kiasi gani wala napaki wapi, akachukua silikoni ya gasketi akaupaka mfuniko wote kwa chini, pamoja na kile kitundu kidogo ambacho mimi wakati huo wala sikujua kama kipo. Mafuta yakaacha kutoka. Nikamlipa, nikamshukuru.

Wiki ileile pikipiki ikaanza tabia. Inawaka vizuri, inatembea, ukiingia barabara ndefu inalegea kama inaishiwa mafuta, inakohoa, inazima. Mjini haifanyi sana, ni safari za mbali, na kilichonichanganya ni kwamba tanki likiwa limejaa ndio inazima mapema zaidi. Nikabadilisha plagi. Kabureta ikasafishwa mara mbili, koki ya mafuta chini ya tanki nikanunua mpya, hela ya wiki nzima imeenda na ugonjwa uko palepale.

Siku yenyewe ilikuwa jioni, nimembeba mama na mtoto ana homa kali, tunatoka Kigombe tunawahi hospitali ya Bombo. Tulipokaribia Tongoni ikazima. Napiga kiki, hakuna. Mama kimya tu nyuma kamfunika mtoto na khanga, na ule ukimya wake ndio ulioniumiza kuliko angesema neno. Nikafungua mfuniko nione kama mafuta yapo, na tanki likavuta hewa fyuuuu, kama mtu aliyezamia pweza akakaa chini sana ndio anaibuka. Mafuta yapo, zaidi ya nusu. Nikafunga, nikasubiri kidogo, nikapiga kiki, ikawaka. Hapo ndipo nikakumbuka kila ilipozima nilikuwa nafungua mfuniko kuangalia mafuta, alafu inawaka, na mimi siku zote nashukuru bahati. Kumbe dawa ilikuwa mkononi mwangu naifungua na kuifunga. Tukasimama mara moja zaidi njiani, nikafungua tena, tukafika, mtoto akapokelewa.

Sasa elewa kinachotokea. Pikipiki zetu hizi za kabureta hazina pampu ya mafuta, mafuta yanashuka yenyewe kwa uzito. Kila yanaposhuka lazima hewa iingie kushika nafasi yake. Ni kama kopo la maziwa, ukilitoboa tundu moja maziwa yanatoka kwa kudonda, ukitoboa la pili upande wa pili yanamiminika. Kile kitundu cha kwenye mfuniko ndio tundu la pili. Ukikiziba, tanki linajivuta kwa ndani, mafuta yanagoma kushuka, kabureta inakauka, na tanki likijaa hewa iliyobaki juu ni kidogo ndio maana inagoma haraka. Nenda sheli yoyote ukaangalie pembeni, utaona mabomba membamba yamesimama wima yanaenda juu hayana kazi unayoiona. Yale ndio pua za matanki yaliyozikwa chini. Sheli yenyewe imeachia matanki yake yapumue, wewe unaweka nailoni!

Na kumwagika kulikotufikisha huko kulikuwa kosa langu la kujaza. Petroli ikipata joto inatanuka, kila nyuzi 1 ya joto karibu sehemu 1 katika 1,000 ya ujazo wake. Inatoka kwenye tanki la chini ya ardhi ikiwa imepoa, wewe unaipeleka juani, tanki la lita 11 likipanda nyuzi 20 ni kama lita 0.2 zimeongezeka, glasi nzima, na hazina pa kukaa. Zitatoka kwa mfuniko, na ukiziba mfuniko zinasukuma mpaka sindano ya kabureta inashindwa kuzuia, mafuta yanadondoka karibu na injini ya moto. Petroli inatoa mvuke unaoweza kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse Tanga, na mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unashuka chini kwenye ekzosi.

Kwahiyo jaza mpaka chini ya shingo basi. Ile shingo ya bati inayoingia ndani ya tanki imewekwa ili hewa ibaki juu. Simamisha pikipiki wima wakati wa kujaza, usiilaze kwenye stendi ya pembeni, na ushuke, na abiria ashuke.

Mfuniko nao utunze. Nausafisha kwa mafuta kidogo na mswaki wa zamani, injini imepoa na niko nje, alafu kile kitundu nakipuliza na pampu ya baiskeli (na Tanga baiskeli hazikosekani). Kompresa ya gereji siipendi kwa kazi hiyo, ina nguvu mno inaweza kung'oa kiraba cha ndani. Raba ya mfuniko ikipasuka au kuvimba nunua nyingine, usipake kitu. Wengine wana lile kava la ngozi kwenye tanki, linakusanya vumbi na unyevu wa bahari kuzunguka mfuniko, livue mara kwa mara ufute. Na pikipiki nyingi zina tundu jingine pembeni ya mfuniko linaloshusha maji ya mvua kwa mpira mpaka chini. Hilo likiziba, nyigu wakajenga udongo kwenye mpira, maji yanasimama kuzunguka mfuniko yanaingia tanki, na maji ni mazito kuliko petroli yanakaa chini kabisa yanakula bati. Mimi napitisha mshipi wa kuvulia, ni laini haukwaruzi, alafu namwagia maji kidogo mfuniko umefungwa, nikiona yanatoka chini najua pamefunguka.

Ikikuzimia njiani, kabla hujagusa plagi, zima sigara, fungua mfuniko na usikilize.

Ile silikoni niliikwangua yote kwa kucha nikadhani yameisha. Lakini petroli ilikuwa imeshailainisha, mwezi jana nimefungua koki nikakuta vipande viwili vyeupe vimekaa juu ya chujio.