Ghuba ya Malindi: mlingoti huvunjikia ufukoni

Ukitaka kujua ubao wa tanga (windsurf) huharibikia wapi hapa Malindi, usitazame kule nje mawimbi yanakoanza kuinuka. Tazama ukanda wa meta 20 hivi kati ya mchanga mkavu na maji ya kiunoni. Hapo ndipo milingoti inapovunjika, matanga yanapochanika na watu wanapoteguka vifundo vya miguu. Penye kina ukianguka umeanguka majini tu: unapanga tanga juu ya maji, upepo unalijaza, linakuinua, unaendelea. Kwa hiyo nasema wazi kwamba anayetaka kuteleza katika ghuba hii wakati wa kusi hana haja na mafunzo ya kuruka mpaka awe anaweza kuingia na kutoka mara kumi mfululizo bila kuangusha tanga kwenye povu. Na anayekodisha vyombo angemtaka mteja aingie na kutoka mbele ya macho yake kwanza, ndipo wazungumze bei.

Ghuba hii si kama Watamu. Kule, na hata hapa karibu na Casuarina ndani ya hifadhi ya bahari iliyotengwa tangu mwaka 1968, mwamba wa matumbawe huyavunja mawimbi mbali na pwani, na nyuma yake pana maji matulivu ambamo hata mtoto anaweza kujifunza. Mbele ya mji mwamba umekatika. Mto Sabaki humwaga tope na maji yasiyo na chumvi kaskazini ya mji, na matumbawe hayastahimili tope. Pwani imebaki wazi, na wimbi lililotoka mbali huko Bahari ya Hindi linafika mchangani na nguvu zake zote.

Urefu wa wimbi hilo si wa kutisha. Linalosumbua ni sura ya sakafu. Ghuba ni tambarare, kwa hiyo maji yakipwa mawimbi huvunjikia mbali, safu nne au tano za povu zikifuatana, na sehemu kubwa maji hayapiti magoti, hata pezi la sentimeta 23 lililo chini ya ubao linakwaruza mchanga. Maji yakijaa kabisa safu hupungua, lakini wimbi la mwisho linakuja kuvunjikia kwenye mteremko wa juu wa ufuo, kwa kishindo, juu ya mchanga mgumu uliofunikwa na maji ya shibiri mbili.

Sasa tazama saa. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu na siku moja mbili baadaye, maji ya pwani yetu hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na jioni, na hupwa kati ya saa nne na saa tano. Tofauti ya kujaa na kupwa hupita meta 3. Kusi nayo hupata nguvu alasiri, nchi kavu ikishapata joto. Maana yake ni kwamba siku za bamvua upepo mzuri kuliko wote hukutana na maji mabaya kuliko yote. Watu wanaona mivinje inayumba, wanashuka na vyombo saa kumi, wanakabidhi mlingoti kwa wimbi la kwanza. Siku kama hizo ingia kuanzia saa saba na nusu, maji yakiwa nusu na yanajaa, na uwe umetoka saa tisa na nusu. Siku za maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: maji hujaa karibu na saa nne au tano asubuhi, alasiri yanashuka polepole, na tofauti ni ndogo. Hizo ndizo siku za kuchagua. Maji huchelewa kwa dakika 50 hivi kila siku, kwa hiyo ukijua ya leo unajua ya wiki nzima. Simu itakuonyesha noti (maili za baharini kwa saa) za upepo wa bahari kuu na ramani yenye rangi za kupendeza. Mvuvi anayetengeneza nyavu pale ufukoni atakuambia maji, na maji ndiyo yanayoamua.

Kwenye ukubwa wa tanga ndipo ninapopingana na wengi. Ushauri unaorudiwa ni kwamba bahari ikichafuka chukua tanga dogo. Huko nje ni sawa. Lakini ili ufike huko nje lazima upite mahali ambapo upepo ni haba. Kusini ya ghuba, upande wa nguzo ya Vasco da Gama, rasi inaikata kusi. Mbele zaidi wimbi lenyewe linaikata: ukiwa kwenye bonde kati ya mawimbi mawili, nusu ya tanga lako haipati kitu. Mwenye tanga dogo na ubao mdogo hukwama papo hapo. Ubao unasimama, unazama hadi vifundoni, na povu linalofuata linamrudisha nyuma pamoja na mlingoti wake. Mtu wa kilo 75, kwa upepo wa noti 18 hadi 20, ningempa tanga la meta mraba 5.3 na ubao wenye ujazo wa lita 95 (kila lita hubeba kilo moja hivi), si lile la 4.7 na ubao wa lita 80 wanaobeba mabingwa kwenye video. Zile lita 20 zinazozidi uzito wake ndizo zitakazomweka juu tanga linapokosa upepo.

Nguvu za ziada unazimudu kwa kulifunga tanga vizuri ukiwa bado nchi kavu. Vuta kamba ya chini kwa nguvu zako zote, mguu ukiwa umekanyaga kitako cha mlingoti, hadi ukingo wa nyuma wa tanga ulegee kutoka ncha ya juu mpaka fito (kijiti kinachonyoosha kitambaa cha tanga) ya pili au ya tatu. Pakilegea namna hiyo, upepo mkali wa ghafla unamwagika juu badala ya kukupindua. Wengi hufanya kinyume: kamba ya chini wanaivuta nusu, kisha wanajaribu kulinyoosha tanga kwa kamba ya nyuma. Tanga la hivyo linakuwa mfuko, na mfuko ukijaa kusi ya alasiri hakuna mikono ya kuushika.

Kabla ya yote hayo, kagua vitu viwili. Cha kwanza ni kiungo cha mpira kinachoshika mlingoti na ubao. Kikunje hadi mwisho, kila upande, na utazame chini karibu na bolti. Jua na chumvi huanza kuukata mpira hapo, na ufa ukishaonekana wakati wa kukunja, usiingie nacho. Hakikisha pia ile kamba fupi ya usalama inayopita pembeni yake ni nzima, maana kiungo kikikatika bila kamba, ubao unakwenda zake na wewe unabaki na tanga. Cha pili ni maungio ya mlingoti wa vipande viwili. Punje chache za mchanga zinatosha kuzuia vipande visifike mwisho, na ukiona mwanya hata wa milimeta 2 pale vinapokutana, jua mlingoti utapasukia hapo. Suuza pande zote mbili kwa maji ya chupa, unganisha, kisha zungushia utepe wa plastiki. Utepe huo pia utakuokoa jioni, kwa sababu mlingoti uliokula mchanga haufunguki, na utawaona watu wawili wazima wakivutana nao hadi magharibi.

Kuingia. Simama utazame bahari kwa robo saa nzima. Mawimbi huja kwa mafungu: makubwa manne au matano, kisha nafasi. Unaingia mwanzoni mwa nafasi, si katikati yake. Wakati wa kusi, ukielekea bahari upepo unatoka mkono wa kulia, ukija kidogo kutoka mbele. Kaa upande huo, wa goshi, upepo uwe mgongoni. Mkono wa kulia ushike bumu, ule mti wa kushikia tanga, karibu na mlingoti, wa kushoto ushike ukanda wa mguu wa nyuma, tanga likae juu bila kugusa maji. Povu likija, gandamiza tezi, yaani nyuma ya ubao, kidogo ili omo, yaani mbele yake, ipande juu ya povu. Wakati wa kaskazi geuza mikono, upepo utakuwa kushoto. Sheria moja haina msamaha: usikubali ubao uwe kati ya mwili wako na wimbi. Ubao uliolala mkingamo mbele ya povu huja kasi, na hugonga usawa wa magoti.

Maji yakifika mapajani, panda. Mguu wa nyuma uwe katikati ya ubao, karibu na kanda, simamisha tanga, acha upepo ukunyanyue. Ndoano ya hanesi, ule mkanda wa kiunoni unaokuunganisha na bumu, usiifunge mpaka upite safu ya mwisho; wimbi likikukuta umefungwa, tanga linakurusha na huwezi kuliachia. Kosa ninaloliona zaidi katika hatua hii ni la kulenga wimbi mapema mno. Mtu anaogopa, anapandisha omo kuelekea upepo povu likiwa bado meta 15, mwendo unakufa, na anakutana na wimbi akiwa amesimama. Shuka kidogo na upepo upate mwendo kwanza. Zikibaki meta 3 au 4 ndipo upande, ulikute povu kwa omo, uzito uhamie mguu wa nyuma, goti la mbele likunjike. Povu linapogonga legeza mkono wa nyuma. Ukishapita tu, vuta tena mara moja, kwa sababu wimbi la pili halikusubiri.

Ukianguka humo, fikiria tanga kwanza. Tanga la meta mraba 5 lililolala, likibebeshwa maji ya kina cha sentimeta 20 tu, limebeba tani moja. Penye kina litazama kidogo na kuzuka. Penye maji ya kiunoni ncha ya mlingoti huchomeka mchangani, wimbi linaendelea kusukuma ubao, na mlingoti unakatika, mara nyingi karibu na bumu. Kwa hiyo ogelea haraka hadi kwenye ncha ya mlingoti, ishike, ielekeze wimbi linakotoka, uzame nayo. Wimbi litapita kwa urefu wa tanga badala ya kulikumba kwa upana. Wanaong'ang'ania bumu katikati hupindushwa pamoja na kila kitu.

Kutoka ni kugumu zaidi kuliko kuingia, na hakuna anayekufundisha. Kaa mgongoni mwa wimbi, nyuma ya povu, uende kwa mwendo wake. Ukilipita, litakushika pale pezi linapogusa. Fungua hanesi mapema, toa miguu kwenye kanda, ruka maji yakiwa bado mapajani, kamata ukanda wa nyuma na bumu, toka mbio bila kusimama. Kujipongeza utajipongeza kwenye mchanga mkavu.

Lamu ni habari nyingine, na naipa maneno machache kwa sababu adui wa kule si povu. Ufuo wa Shela, upande wa kijijini, umekingwa na Ras Kitau ya Manda. Ukiteremka nao kuelekea mwisho wake mawimbi yanaongezeka. Cha kuogopa ni mkondo wa mlango kati ya Lamu na Manda. Maji yakipwa hutoka kwa kasi kwenda bahari kuu huku kusi ikiyapiga kwa mbele, na mawimbi yanakuwa mafupi, yamesimama wima, hayana mpangilio. Upepo ukikuachia humo, mkondo unakuchukua nje. Ingia maji yakijaa, mkondo na upepo vyote vikikurudisha ndani. Na mbele ya jahazi lenye mzigo, ni wewe wa kupisha. Nahodha hana breki.

Turudi Malindi, kwa jambo ambalo waendao ghuba huwa hawalipangi. Kusi inakusukuma ufukoni, ndiyo, lakini pia inakusogeza kaskazini kila unapoanguka. Kila safari ya kwenda na kurudi weka alama nchi kavu, paa fulani au mti fulani, na ukiona huwezi kurudi usawa wake mara mbili mfululizo, toka. Mlingoti ukivunjika, usiache ubao ukajaribu kuogelea. Fungua tanga ulikunje ukiweza, ulale juu ya ubao, upige makasia kwa mikono kuelekea pwani. Giza la hapa huingia upesi baada ya saa kumi na mbili na nusu, kwa hiyo safari ya mwisho iwe imekwisha saa kumi na mbili kasoro.

Wakati wa kusi tope la Sabaki husukumwa kaskazini, hivyo maji yakigeuka rangi ya chai ya maziwa jua umeufikia mdomo wa mto. Wakati wa kaskazi rangi haikuambii kitu, tope hushuka hadi mbele ya mji. Mdomoni kuna viboko na mamba, na mkondo wa mto hukutana na mawimbi kwenye mafungu ya mchanga yanayohamahama. Tokea upande wa kusini wa mdomo, mbali na maji, fungua tanga ulikunje hapo hapo. Mlingoti wa vipande viwili unaingia kwenye tuktuk bila shida. Ubao itabidi uubebe kichwani hadi barabara kuu.