Digrii ya mbogamboga: ugani, shamba au miche?

Kijana akimaliza shahada ya kilimo cha mbogamboga na matunda pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, akarudi kwao Mwanza, wazazi watamwambia asubiri ajira ya ugani, ile ya kuwashauri wakulima. Wengine watamwambia, kwa wepesi wa mtu asiyetoa mtaji, "Si ujiajiri? Ziwa lile pale!"

Wazazi wana hoja. Mshahara wa halmashauri hauyumbi na bei ya nyanya, na benki humkopesha mwajiriwa. Ila waombaji ni wengi, na ukiitwa waweza kupangiwa kata ya pamba na mihogo, hoho ukaishia kuiona sokoni.

Hilo la ziwa ndilo linalonichekesha. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda meta 60 kutoka ufukweni, kwa hiyo utakodi shamba juu zaidi, ununue pampu, mipira na mafuta. Nyanya zikiiva, za jirani wa Misungwi nazo zimeiva. Dalali wa soko la Buhongwa anatupia tenga jicho, anataja bei, na wewe huna pa kuzilaza hadi kesho. Hapo digrii haikusaidii kitu.

Naiona ikisaidia kwenye duka la pembejeo. Mkulima anakuja na mnyanya ulionyauka ungali kijani. Muuzaji wa kawaida atampa dawa ya ukungu. Aliyesoma atakata shina na kulitumbukiza kwenye glasi ya maji safi. Ukishuka uzi mweupe kama maziwa, ni mnyauko bakteria, na hakuna cha kupuliza kitakachouponya. Atamwambia ang'oe, eneo lile asirudishie nyanya, hoho wala bilinganya, apande mahindi. Siku hiyo hajauza kitu (mwenye duka anaweza kununa), lakini msimu ujao mkulima yule anajua pa kwenda.

Duka linadai kibali cha TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu) kwa viuatilifu, usajili wa TOSCI (taasisi ya kuthibiti ubora wa mbegu) kwa mbegu, na kodi ya fremu. Kitalu cha miche huanza na kidogo: trei, neti ya wadudu, tangi la maji. Mche unauzwa baada ya wiki nne hivi, kabla kantangaze, yule mdudu mharibifu wa nyanya, na dalali hawajaufikia. Kikwazo ni kwamba wakulima wengi husia mbegu wenyewe kwenye tuta na hawaoni kwa nini walipie mche mmojammoja. Ndiyo maana mwaka wa kwanza ningemwambia aendelee kuomba hiyo ajira, trei zake zikiwa nyuma ya nyumba ya wazazi.